UZI: Kijiti cha mkojo kikisema "hakuna", kimekuambia nini hasa?

Fundi Hadubini (mleta mada)

Wakuu, salamu. Huku Tukuyu mvua haijakata tangu juzi. Zahanati ina wagonjwa wawili tu, na wote wanasubiri mvua, hawasubiri majibu. Nimeona niandike uzi huu ambao nimeubeba kifuani tangu masika ya mwaka jana.

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari. Nalisema mapema ili msianze kunitumia picha za vipele.

Masika yale, Jumanne moja, nilipima mkojo wa watu tisa kwa vijiti vya kuchovya, vile vyenye vipande vya rangi, kila kipande na kazi yake. Wote tisa kile kipande cha nitraiti, kinachoashiria bakteria, kikageuka pinki. Mwanafunzi, bibi wa miaka sabini, utingo wa lori la viazi, mjamzito, wote wana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Mganga yeye anaandika dawa tu, maana karatasi imeshasema. Kufika mtu wa saba moyo ukaanza kunidunda. Baada ya wa tisa nikafunga mlango, nikachukua kijiti kipya, nikachovya kwenye chupa ya maji niliyokuwa nakunywa. Pinki. Kwa majibu yale hata maji ya dukani yalihitaji dozi.

Kosa lilikuwa letu wenyewe. Kopo la vijiti lilikaa bila kifuniko kuanzia Ijumaa, na Tukuyu ya mwezi wa nne mnaijua: chumvi inageuka uji kabatini, viatu vinaota ukungu. Vijiti hivi vinaogopa unyevu kuliko paka. Kipande cha nitraiti kikipigwa na hewa ya namna ile kinajigeuza pinki chenyewe, hakihitaji bakteria. Tuliwapigia simu wagonjwa wote warudi. Wawili walikuwa wameshameza dawa siku tatu.

Tangu hapo nikawa msumbufu. Kila kipimo nakiuliza: wewe unadaka wangapi, na unawaacha wangapi wapite? Wataalamu wanaita unyeti, yaani kati ya watu mia wenye ugonjwa kwelikweli, kipimo kinawadaka wangapi. Mwenzake ni umahususi: kati ya mia wasio nao, kinawaacha kwa amani wangapi. Siku ile kopo letu lilipoteza umahususi wote, likawa linabweka hata kwa mwenye nyumba. Hilo ni baya lakini linaonekana. Baya zaidi ni kule kusikoonekana, pale kijiti kinapokaa kimya.

Watu wa Kyela watanielewa. Ukitupa wavu wa mbasa, yule samaki mkubwa, pale Matema ziwa Nyasa, usipa, wale dagaa, watapita kwenye matundu. Ukirudi nyumbani usiseme ziwani hakuna usipa. Sema wavu wangu haukuwa wa usipa.

Sasa angalieni matundu ya wavu huu. Kipande cha protini kinapenda aina moja ya protini, albumini, na kinaanza kubadilika rangi ikiwa kama miligramu 15 hadi 30 kwenye desilita. Plasi moja ni kama 30, plasi mbili kama 100, plasi tatu kama 300. Lakini hicho ni kipimo cha ukolezi, si cha jumla anayopoteza mtu kwa siku. Mama akinywa lita nzima ya maji ili apate mkojo haraka pale kliniki, protini ileile inazama kwenye maji mengi na kijiti kinabaki njano kama kilivyozaliwa.

Nitraiti nayo inataka bakteria wawe wamekaa na mkojo kwenye kibofu kama saa nne hivi, wakigeuza naitreti inayotokana na chakula. Aliyekojoa nusu saa iliyopita hana huo muda. Na wapo bakteria wasiofanya kazi hiyo kabisa, kama enterokokasi. Hao hata ukisubiri mpaka jogoo awike, kipande hakibadiliki.

Sukari naiacha kwanza, najua kuna wazee wa kisukari humu watanivamia.

Karibuni tujadili. Matusi kwa mganga wetu hayaruhusiwi, ni mtu mwema.

Mtoto wa Ipogolo

Kamwene wadau. Mkuu umenigusa kidonda. Mimi tangu 2021 nina kitu wanaita "UTI sugu". Kila nikiumwa, iwe kichwa, iwe mgongo, napewa kikopo, narudi na UTI. Nimechomwa sindano mpaka makalio yanaijua njia ya kwenda zahanati. Sijawahi kusikia maumivu wakati wa kukojoa hata siku moja. Hivi mimi nimekuwa mgonjwa wa kopo la mtu?

Bishoo wa Mwanjelwa

Hahaha mgonjwa wa kopo! Mzee baba umepigwa.

Mimi bibi yangu alikuwa anapima sukari kwa sisimizi. Unakojoa nyuma ya nyumba, asubuhi unaenda kuhesabu jeshi. Hakuna kopo, hakuna kifuniko.

Fundi Hadubini

Bishoo, bibi yako hakukosea njia, alikosea kipimo tu. Sisimizi anafuata sukari ileile tunayoitafuta sisi. Shida ni kwamba sisimizi hana chati ya rangi. Wazee wetu wa maabara nao walikuwa wanachemsha mkojo na maji ya bluu ya Benedict mpaka yageuke rangi ya tofali. Kijiti cha kuchovya tu na kusoma, Clinistix, kilikuja 1956 kutoka kwa wanakemia Helen Free na mumewe Alfred, kule Elkhart, Indiana, Marekani. Kwa maji ya Benedict kupima sukari ilikuwa shughuli ya jiko.

Mtoto wa Ipogolo, siwezi kukuambia huna kitu. Nakufanyia hesabu, namba za kubuni ili ueleweke. Tuseme watu mia wamekuja na dalili, ishirini wana UTI kweli. Nitraiti ya kijiti kizuri, kilichofunikwa, itadaka kama kumi. Kumi watapita. Kati ya wale themanini wasio nayo, labda wanne watasingiziwa. Kwa hiyo ukitoka chanya, kuna uwezekano mzuri unayo. Ukitoka hasi, bado kuna mtu mmoja kati ya karibu tisa waliotoka hasi ambaye ni mgonjwa.

Sasa badilisha watu. Chukua mia wasio na dalili yoyote ya mkojo, wamekuja na mgongo wa kulima viazi. Wenye UTI kweli labda wawili. Kijiti kitadaka mmoja na kitasingizia karibu watano. Hapo ukiambiwa "una UTI", wanaoambiwa hivyo wengi hawana. Kijiti ni kilekile, chumba ni kilekile, kilichobadilika ni nani kaitwa kwenye foleni. Kabla ya kuitwa "UTI sugu", ulitakiwa uoteshwe mkojo, ukae siku mbili tatu, ionekane ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Si sindano ya sita.

Nesi wa Makete

Kaka umesahau baridi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi majani yana barafu. Mama anakojoa nyumbani saa kumi na moja, anatia kwenye kikopo, anatembea saa nzima, mkojo unafika ukiwa baridi kama maji ya kijito. Nilifundishwa na dada mmoja wa maabara kwamba kipande cha sukari na kile cha chembe nyeupe za damu vinafanya kazi kwa vimeng'enya, na kimeng'enya kikipigwa na baridi kinalegea. Tunauacha kwanza upate joto la chumba, au anakojoa palepale.

Na mambo mengine nayasema kwa sababu hapa hatujuani. Nimeona vijiti vinapasuliwa kwa wembe kwa urefu, kimoja kiwe viwili, kwa sababu kopo la mwezi limeisha katikati ya mwezi. Rangi zinaingiliana, vidole vimeshashika vipande vyote, na bado tunaandika jibu. Nimeona vijiti kumi vinachovywa kwa mpigo, vinapangwa kwenye tishu, halafu mtu anaitwa kwenda kuzalisha. Akirudi dakika ishirini zimepita, anasoma. Sukari inasomwa sekunde 30, protini sekunde 60, chembe nyeupe dakika 2. Baada ya hapo rangi iliyobaki ni ya kwake yenyewe.

Mwenzangu mmoja tuligundua baada ya miaka mitatu kwamba hatofautishi kijani vizuri. Kipande cha protini kinatoka njano kwenda kijani! Miaka mitatu. Mtu mzuri sana, mchapakazi. Sasa anapima presha, mimi nasoma vijiti.

Mzee wa Mafinga

Mimi ndiye huyo mzee wa kisukari uliyemwogopa. Nakuvamia.

Miaka kumi iliyopita nilipima mkojo, nikaambiwa sukari hakuna. Nikashangilia kwa ulanzi, nakiri. Baada ya miezi kama minane macho yanaona ukungu, damu ikapimwa nikakutwa na 14. Nikauliza, mbona mkojo ulisema hakuna? Nikajibiwa "ndiyo hivyo mzee".

Sasa juzijuzi kinyume chake. Daktari wa moyo kanipa dawa mpya, dapagliflozini. Nimepima mkojo, sukari plasi tatu! Nikaacha dawa wiki nzima kwa hofu. Damu nikipima ni 6.8. Nani mwongo hapo?

Fundi Hadubini

Mzee wangu shikamoo. Hakuna mwongo. Figo ni kama bwawa lenye ukingo. Sukari ya damu ikiwa chini ya kama 10 (milimoli kwa lita), figo inairudisha yote, mkojo unatoka safi. Ikivuka 10 inamwagika. Lakini kisukari kinaanza kuhesabika damu ikifika 7.0 asubuhi kabla ya kula. Kwa hiyo mtu mwenye 8 au 9 anakojoa mkojo safi kabisa huku mishipa ya macho inaliwa. Kijiti hakikukosea, kiliulizwa kama ukingo umevukwa, kikasema bado. Ndiyo maana kutafuta kisukari kwa mkojo peke yake ni wavu wa mbasa tena. Toboa kidole.

Dawa yako mpya kazi yake ndiyo hiyo, inashusha ukingo makusudi ili sukari itoke kwa mkojo. Plasi tatu ni ushahidi kwamba unaimeza. Rudi kwa daktari wako leo umwambie uliiacha, usirudie peke yako.

Daktari wa Kijiweni

Nimesoma kimya kimya, naona mleta mada anatenda haki. Niongeze mawili na nipinge moja.

La kwanza, vitamini C. Mtu ana mafua, ananyonya vile vidonge vya machungwa siku nzima, au amekula mapera kikapu kizima. Vitamini C nyingi kwenye mkojo inaziba mmenyuko wa sukari na wa damu, kipande hakigeuki hata kama vipo. Muulize mgonjwa kabla ya kuchovya.

La pili, kipande cha damu hakioni chembe, kinaona kazi ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na ya mwenzake wa kwenye misuli, mayoglobini. Mtu wa Kyela mwenye malaria kali anayekojoa mkojo wa rangi ya kokakola, au dereva wa bodaboda aliyepondwa misuli, kijiti kitapiga kelele "damu" na ukiweka chini ya hadubini huoni chembe nyekundu hata moja. Hilo si kosa, ni habari. Lakini anayesoma karatasi tu atamtibu kichocho.

Ninalopinga ni roho ya uzi. Mnawatisha watu kama vile kijiti hakifai. Kipimo chenye unyeti mdogo kinaweza kuokoa maisha ukijua kinamtafuta nani. Kipo kijiti cha mkojo cha TB, LAM, kwa watu wanaoishi na VVU. Matone kidogo, mikrolita 60, unasubiri dakika 25. Kinadaka chini ya nusu. Chini ya nusu! Ungekitupa. Lakini wanaodakwa ni wale waliolala kitandani, kinga imeshuka kabisa, hata makohozi hawawezi kutoa. Jaribio lililochapishwa 2016, hospitali kumi za Afrika Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, vifo ndani ya wiki nane vilishuka kutoka asilimia 25 hadi 21 pale kijiti kilipotumika. WHO ilikuwa imeshakikubali tangu 2015. Huku kwetu nyanda za juu, ambako VVU bado vipo juu kuliko mikoa mingi, hicho si kitu cha kuchezea.

Fundi Hadubini

Daktari nimekubali, na nimepigwa vizuri. Nilikuwa natazama wanaopita tu, sikutazama ni nani anayedakwa. Kwa LAM, hasi hairuhusu mtu kwenda nyumbani, ila chanya inaanzisha dawa siku ileile. Hilo ndilo nilitaka kusema mwanzo nikashindwa: jibu moja la kijiti lina uzito, jingine halina, na ni lipi inategemea kijiti.

Dada wa Uyole

Samahanini nakatisha mjadala wenu. Mdogo wangu ana mimba ya wiki 33. Kliniki wamepima mkojo mara tatu, wameandika protini hakuna. Lakini leo uso umevimba, anasema kichwa kinauma tangu jana na anaona kama vimulimuli. Presha ya jana kwenye kadi 150 kwa 100. Kaambiwa apumzike arudi Jumatatu. Leo Ijumaa. Nimesoma hapo juu kuhusu maji mengi, na kweli huwa anakunywa maji sana kabla ya kwenda. Arudie kipimo cha mkojo asubuhi?

Daktari wa Kijiweni

Dada, acha simu. Mpeleke hospitali sasa hivi, si kesho, si Jumatatu. Usisubiri mkojo wa asubuhi. Presha 150 kwa 100, kichwa, vimulimuli: huyo anaonekana kuelekea kwenye kifafa cha mimba, na protini haihitajiki tena kumwita mgonjwa. Zamani tulisema lazima iwepo. Siku hizi presha ya mimba baada ya wiki 20 pamoja na dalili kama hizo inatosha. Chukua kadi, chukua khanga, chukua mtu wa kushika mkoba. Mlangoni sema "presha, wiki 33, anaona vimulimuli". Usianze kueleza habari za kijiti.

Nesi wa Makete

Dada mlaze kwa ubavu wa kushoto kwenye gari. Asinywe dawa za kienyeji njiani. Tuambie mkifika.

Mtoto wa Ipogolo

Dah. Mungu amsimamie. Wakuu tusimame kidogo na utani.

Fundi Hadubini

Tunasubiri.

Wakati tunasubiri, kwa wasomaji wengine: huyu mama amepimwa mara tatu na kijiti hakikusema uongo hata mara moja. Kiliulizwa kuhusu mkojo uliochanganywa na maji. Mara mbili nimeona sisi wenyewe wa maabara tukimwambia mjamzito "kunywa maji urudi", kwa sababu foleni ni ndefu na kikopo kiko tupu. Nimelisema mimi kwa mdomo wangu. Mjamzito wa foleni asiye na dalili wala presha, bora arudi kesho na mkojo wa kwanza wa asubuhi, wa katikati ya kukojoa, usio na maji ya foleni. Kama presha iko juu, mkojo hauna kura.

Na kwa UTI ya wajawazito, ambayo mara nyingi haina dalili: mwongozo wa WHO wa 2016 unasema kuotesha ndiko bora, na pasipo na uwezo huo, kupaka rangi ya Gram, ile inayoonyesha bakteria, na kutazama kwenye hadubini kunazidi kijiti. Hadubini nyingi za zahanati zipo, zimefunikwa kitambaa cha maua. Yangu ilikuwa hivyo hivyo mpaka masika yale.

Bishoo wa Mwanjelwa

Mkuu swali la kweli sasa, siyo utani. Vijiti vya mimba vya dukani navyo vina mambo haya?

Fundi Hadubini

Vinayo. Vingi vinaanza kuona homoni ya mimba ikifika miliyuniti 25 hivi kwenye mililita moja ya mkojo. Siku mbili baada ya tendo hakuna kitu cha kuona, subiri mpaka siku ya hedhi ipite bila hedhi kuja, tumia mkojo wa asubuhi. Na mara chache homoni ikiwa nyingi mno kijiti kinalemewa, kinatoka hasi mtu akiwa na tumbo linaloonekana. Kwa nini unauliza, Bishoo?

Bishoo wa Mwanjelwa

Rafiki yangu.

Nesi wa Makete

Mpe salamu huyo rafiki.

Dada wa Uyole

Wapendwa, nimepata chaji sasa. Tulifika saa nne usiku. Presha 170 kwa 110. Wamemchoma magnesiamu ya kuzuia kifafa, wamemweka mpira wa mkojo. Mkojo ule wa mpira ulipopimwa protini plasi tatu. Alfajiri wamemfanyia upasuaji, mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia nane, yuko kwenye chumba cha joto. Mama yake ameamka, anauliza chai.

Nina ile kadi mkononi. Pale kwenye mkojo pameandikwa "hakuna", "hakuna", "hakuna", mwandiko mzuri kabisa, kalamu ya bluu.

Nesi wa Makete

Ndaga fijo dada, kama mnavyosema huko. Mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mara wakiruhusu.

Mzee wa Mafinga

Hongera kwa wote. Dawa nimerudishiwa na daktari. Plasi tatu bado zipo.

Mtoto wa Ipogolo

Mimi nimepeleka mkojo kuoteshwa jana. Siku ya tatu majibu. Nikirudi na "hakuna" hiyo nitaiamini, au nayo ina matundu?

Fundi Hadubini

Ulikuwa umemeza antibiotiki yoyote ndani ya wiki hii?

Mtoto wa Ipogolo

...Kidogo.